Kujitolea katika chama cha wahandisi cha kimataifa: tawi, uhakiki, viwango au kongamano?

Vyama vikubwa vya uhandisi vinaendeshwa na watu wasiolipwa. IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, ina wanachama zaidi ya 400,000. Waajiriwa wake wanaweza kuhariri lugha ya kiwango au kulipa ankara, lakini wanaotunga viwango, wanaohakiki makala na wanaopanga semina za matawi ni watu wa kujitolea. ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani) na IET (chama cha uhandisi na teknolojia cha Uingereza) ziko vivyo hivyo. Nafasi, kwa hiyo, hazikosekani. Shida ni kwamba matangazo ya kutafuta watu hutoa ahadi zilezile kwa kila kazi: utajenga uongozi, utapanua mtandao wako. Mtu aliyetumia saa 100 kuhakiki makala na aliyetumia saa 100 kuwa mweka hazina wa tawi hawatoki na kitu kimoja, na ukichagua kwa kufuata cheo unaweza kumaliza miaka miwili bila kupata ulichokuwa umekikosa.

Tunalinganisha kazi tano. Saa zilizo kwenye jedwali ni makadirio yetu kwa mtu mwenye ajira ya kutwa.

| Kazi | Saa kwa mwaka | Faida huanza kuonekana | Kinachobaki mkononi |
|---|---|---|---|
| Uongozi wa tawi au chapta | 80–150 | miezi 6–12 | taarifa za vikao, hesabu zilizofungwa, watu |
| Uhakiki wa makala 6–8 | 30–60 | makala ya tatu au ya nne | rekodi ya ORCID (namba ya utambulisho wa mtafiti), jicho kali |
| Kikundi kazi cha viwango | 100–250, bila safari | miaka 2–4 | jina kwenye kurasa za mwanzo za kiwango, maoni yaliyokubaliwa |
| Kamati ya kongamano | 60–200, nusu yake miezi mitatu ya mwisho | siku ya mkutano | bajeti, ratiba, kitabu cha makala |
| Ulezi wa wanafunzi | 30–60 | muhula mmoja | watu wanaokukumbuka |

Uhakiki au viwango?

Tumeanza na hizi mbili kwa sababu watu huzichanganya. Zote ni kazi za kukaa na maandishi ya mwingine ukitafuta penye kasoro. Zinapotengana ni kwenye kasi, na kwenye watu.

Uhakiki unaanza upesi. Fungua namba ya ORCID (tarakimu 16, haina malipo), ingia kwenye mfumo wa jarida la fani yako, jaza maneno muhimu, kisha mwandikie mmoja wa wahariri washiriki ujumbe mfupi ukitaja machapisho yako mawili au matatu. Maneno muhimu yawe finyu. Andika "vibadilishi vya DC-DC vya masafa ya juu", usiandike "elektroniki". Anayejaza maneno mapana hutumiwa makala asiyoyamudu, anayachelewesha, na mhariri hamwiti tena.

Ripoti nzuri ya uhakiki ina sehemu nne: sentensi tatu au nne za kueleza makala yanadai nini, dosari kubwa zilizopewa namba, dosari ndogo, na ujumbe wa siri kwa mhariri. Dosari kubwa ndiyo shule yenyewe. Chukua makala yanayodai kibadilishi kipya kina ufanisi wa asilimia 97.8 na cha zamani 97.3. Nguvu inayoingia na inayotoka zimepimwa kwa mita zenye kosa la ±0.5% ya usomaji. Makosa mawili yasiyotegemeana hujumlishwa kwa miraba: kipeuo cha pili cha 0.5² + 0.5², yaani takriban 0.7. Tofauti inayodaiwa ni 0.5 tu. Isipokuwa vibadilishi vyote viwili vimepimwa kwa mita zilezile, kwa mpangilio uleule na halijoto ileile ili kosa la pamoja lijifute, dai halijathibitika. Mhandisi aliyeandika aya ya namna hiyo mara moja hachori tena grafu yake bila mistari ya kosa. Ripoti zake za kazini zinabadilika, na bosi wake huliona hilo kabla hajasikia kwamba anahakiki makala.

Ambacho uhakiki haukupi ni kujulikana. Jina lako limefichwa, hukutani na mtu, na siri ya makala inakubana: humpi mwenzako asome bila ruhusa ya mhariri, na IEEE inakataza kuyapitisha maudhui ya makala kwenye majukwaa ya wazi ya akili unde ili yakuandikie ripoti. Kinachowaharibia wengi ni kukubali mwaliko halafu kunyamaza. Kukataa ndani ya siku mbili na kupendekeza wahakiki wengine wawili hakukupunguzii heshima hata kidogo. Kunyamaza wiki sita kunakutoa kwenye orodha.

Viwango ni kinyume karibu katika kila jambo. Ni kazi ya polepole. Kikundi cha IEEE 802.11, kinachotunga viwango vya Wi-Fi, kilianzishwa mwaka 1990 na kiwango chake cha kwanza kilipitishwa 1997. Hata marekebisho ya baadaye hayakwenda mbio: mradi wa 802.11ax uliidhinishwa 2014 na kukamilika 2021. Katika vikundi vya IEEE 802 (viwango vya mitandao) hata haki ya kupiga kura inatafutwa. Unatakiwa kuhudhuria mikutano mikuu miwili kati ya minne iliyo karibuni (mmoja unaweza kufidiwa na mkutano mdogo unaofanyika kati ya mikuu), kila mmoja kwa angalau asilimia 75 ya vikao vyake. Mikutano mikuu ni mitatu kwa mwaka na kila mmoja huchukua takriban wiki. Hapo swali la kwanza ni nani analipa. Mwajiri akikataa, gharama ni yako, na wengi huachia njiani hapo hapo.

Mbona watu bado wanaingia? Kwa sababu ndani ya kamati unajifunza kwa nini namba fulani iko vile ilivyo. Mwezi Machi 1905 boila la kiwanda cha viatu cha Grover huko Brockton, Massachusetts, lililipuka na kuua watu 58. ASME iliunda kamati ya kanuni za boila mwaka 1911, na toleo la kwanza la kanuni hizo ni la 1914. Tangu hapo kila kifungu kina historia: ajali, jaribio, au ugomvi kati ya watengenezaji na wakaguzi uliokwisha kwa maafikiano. Mhandisi anayesoma kiwango akiwa nje anajua ukomo ni kiasi gani. Aliyekaa kwenye kamati anajua ukomo huo unalinda nini, kwa hiyo anajua pia ni wapi muundo wake unaweza kuukaribia na ni wapi asithubutu. Zaidi ya hapo, anaona rasimu miaka miwili au mitatu kabla ya washindani wa mwajiri wake kuiona ikiwa kitabu. Kwa mtazamo wetu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote katika ulinganisho huu, na ndiyo inayotangazwa kidogo kuliko zote.

Ustadi wenyewe unajengwa kwenye jedwali la maoni. Fomu ya ISO na IEC, mashirika ya kimataifa ya viwango, ina safu za namba ya kifungu, aya, aina ya maoni (*ge* kwa ya jumla, *te* kwa ya kiufundi, *ed* kwa ya uhariri), maoni yenyewe, badiliko linalopendekezwa, na mwisho nafasi ya sekretarieti kuandika uamuzi. Tuseme rasimu ina kifungu kisemacho "skrubu ya terminali ikazwe vya kutosha". Mgeni ataandika: "Haieleweki." Maoni hayo yatakataliwa kwa sekunde tano, maana hayampi mhariri cha kufanya. Mzoefu ataandika *te*, kisha: "'Vya kutosha' hakupimiki, wakaguzi wawili watatoa majibu mawili." Kwenye safu ya badiliko ataweka maneno kamili ya kifungu kipya: "Skrubu ikazwe kwa toki iliyotajwa na mtengenezaji wa terminali, isipotajwa, thamani ya jedwali la kiwango hiki itumike." Kamati hupenda maoni yanayoweza kunakiliwa moja kwa moja. Ukizoea kuandika hivyo, hata barua zako kwa wakandarasi zinaanza kujibiwa haraka.

Kura nazo zina hesabu yake. Rasimu ya IEEE haipiti mpaka asilimia 75 ya kundi la wapiga kura warudishe kura, na asilimia 75 ya waliosema ndiyo au hapana waseme ndiyo. Anayepinga hutakiwa kueleza kitu gani kikibadilishwa kitamfanya akubali. Unajifunza kumwandikia mtu aliyeajiriwa na mshindani wako, mnayetofautiana kabisa, na bado mkatoka na sentensi moja. Huo ustadi hauna kozi.

Kuna mipaka miwili ya kisheria usiyoichezea. Bei na mgawanyo wa soko havizungumzwi kwenye kikao wala pembeni yake. Na mwenyekiti wa kikundi cha IEEE atauliza kuhusu hataza mwanzoni mwa mkutano. Ukijua mwajiri wako ana hataza inayoweza kuwa ya lazima kwa kiwango kile, unatakiwa kusema. Pata kibali cha maandishi cha mwajiri kabla ya mkutano wa kwanza.

Asiye na bajeti ya safari aingie kupitia shirika la viwango la nchi yake, kwenye kamati inayofuatilia kamati husika ya ISO au IEC. Kazi ya kusoma rasimu na kuandika maoni ni ileile, safari hakuna. IEC ina pia programu ya wataalamu vijana tangu 2010; washiriki huteuliwa na kamati za kitaifa.

Tukilazimika kuchagua kati ya hizi mbili: mtafiti mwenye machapisho aanze na uhakiki. Mhandisi wa kiwandani au wa saiti, asiye na makala hata moja, aende kwenye viwango bila kujitilia shaka. Kamati nyingi zimejaa watengenezaji na washauri, na anayejua kinachotokea vifaa vinapofungwa kwenye vumbi na unyevu ni mtu adimu humo.

Tawi au kongamano?

Hapa linalolinganishwa ni kusimamia watu na fedha. Kwenye tawi kazi ni ndogo ndogo na haziishi. Kongamano ni kubwa, lakini lina tarehe ya mwisho.

Kwa IEEE, tawi la eneo huanzishwa na wanachama wasiopungua 50, chapta ya fani moja 12, na chapta inatakiwa kufanya angalau mikutano miwili ya kitaalamu kwa mwaka. Mikutano miwili inaonekana rahisi. Chapta nyingi zinazolala hazilali kwa kukosa mikutano, zinalala kwa kukosa karatasi: semina imefanyika, watu 40 wamehudhuria, katibu hakuiingiza kwenye mfumo wa taarifa. Kwa makao makuu semina hiyo haikuwepo, na fedha ya mwaka inayotegemea taarifa inapungua. Taarifa iingizwe usiku uleule, au kesho yake kabla orodha ya mahudhurio haijapotea.

Watu hukimbilia uenyekiti. Ushauri wetu ni tofauti: chukua uweka hazina kwanza. Mhandisi anaweza kufika miaka 15 ya kazi bila kuwahi kuandaa bajeti, kulinganisha daftari na taarifa ya benki kila mwezi, kudai risiti kwa rafiki yake, na kufunga hesabu za mwaka mbele ya watu. Uweka hazina unakufanyisha yote hayo ndani ya miezi 12, kwa kiasi kidogo cha fedha, ambapo kosa linasahihishika. Uenyekiti bila huo msingi mara nyingi ni kufungua na kufunga vikao.

Kitu kingine ambacho tawi linafundisha, na kazini hutakipata, ni kuongoza watu usioweza kuwaamuru. Hakuna mshahara wa kukata wala barua ya onyo. Ukiandika kwenye kundi la WhatsApp "jamani tunahitaji msaada wa semina", watu 30 watasoma na hakuna atakayejibu, maana kila mmoja anadhani mwingine atajibu. Mwandikie mmoja kwa jina: "Naomba uthibitishe ukumbi na projekta kufikia Jumanne saa kumi jioni. Ni simu mbili, namba hizi hapa." Kazi moja, siku moja, ukubwa unaoonekana. Akishindwa atakwambia mapema, kwa kuwa ameelewa alichoombwa. Baada ya mwaka wa kuomba hivyo, namna yako ya kugawa kazi ofisini inakuwa nyingine.

Kongamano linafundisha hesabu ya watu. Ukiwa kwenye kamati ya programu, fanya hesabu hii kabla ya tangazo la kukaribisha makala kutoka. Tuseme mnategemea makala 120, na kila moja lisomwe na watu watatu: uhakiki 360. Mhakiki mmoja anamudu manne: mnahitaji watu 90. Chukulia robo yao hawatarudisha: alikeni 120, si 90. Kamati zinazoruka hesabu hii ndizo zinazoonekana wiki ya mwisho zikigawana makala 60 usiku. Tatizo la pili ni waandishi wasiotokea kuwasilisha. IEEE ina haki ya kutoyaweka kwenye maktaba yake ya kidijitali makala ambayo hayakuwasilishwa mkutanoni, kwa hiyo wenyeviti wa vikao lazima waweke alama ya nani alikuwepo. Bila orodha hiyo, sheria haina meno.

Faida ya kongamano ni ya haraka na inaeleweka kwa mtu wa nje: mkutano ulikuwepo, watu walikuja, hesabu zilifungwa. Meneja wa miradi asiye na mradi mkubwa wa kuonyesha atanufaika sana. Ubaya wake ni kwamba watu unaokutana nao unawaona kwa siku tatu ukiwa umechoka, unatafuta kebo ya projekta. Urafiki wa kikazi unaodumu tumeuona zaidi kwenye matawi na kwenye vikundi vya viwango, ambako watu walewale hukutana mara kumi.

Ulezi

Hii ni fupi kuelezea. Tawi la wanafunzi la IEEE huhitaji wanachama wanafunzi 12 na mshauri ambaye ni mwalimu wa chuo husika. Asiye mwalimu anaweza kusimamia timu kwenye IEEEXtreme, shindano la kuandika programu la saa 24 lililoanza 2006, au kuwa mlezi wa mhandisi chipukizi mmoja mmoja. Ulezi wa mtu mmoja hufa kwa sababu ya "tutawasiliana". Pangeni vikao sita vya dakika 45, tarehe zote siku ya kwanza, na kila kikao mwanafunzi alete kitu cha kutazamwa: mchoro, hesabu, barua ya kuomba kazi. Faida yako ni kugundua ni yapi unayoyafanya kwa mazoea bila kuyaelewa. Mwanafunzi akiuliza "kwa nini kigezo cha usalama ni 1.5?" na jibu lako likawa "ndivyo tunavyofanya", umepata kazi ya nyumbani.

Faida zinazohesabika rasmi

Daraja la Senior Member la IEEE linataka miaka 10 ya kazi ya kitaalamu, mitano kati yake yenye mafanikio yanayoonekana, na wadhamini watatu walio Senior Member au Fellow (daraja la juu zaidi). Elimu inahesabiwa kwenye ile 10: shahada ya kwanza miaka 3, ya uzamili 4, ya uzamivu 5. Miaka wengi wanayo. Wanapokwama ni kwenye wadhamini, kwa kuwa hawamjui hata mmoja anayeweza kusema kwa uhakika wamefanya nini. Anayejitolea kwenye tawi au kiwango huwa amewapata bila kuwatafuta. Mhakiki, kwa usiri wa kazi yake, anaweza kukaa miaka mitano bila mdhamini.

Kwa anayeomba uhandisi wa Chartered (usajili wa juu wa kitaaluma) kupitia IET au chama kingine chini ya mfumo wa Uingereza, umahiri hupimwa katika maeneo matano, A hadi E. Kujitolea husaidia zaidi C, D na E: uongozi, mawasiliano, na wajibu wa kitaaluma. Hakuzibi pengo la A na B, yaani maarifa na usanifu. Ushahidi uandikwe kwa kitendo na matokeo. "Nilikuwa mjumbe wa kamati" hakumwambii kitu msaili wako. "Nilifunga hesabu za mwaka za tawi, nikakuta malipo mawili yasiyo na risiti, nikaweka utaratibu wa saini mbili" kunatosha kuanzisha mazungumzo ya dakika kumi.

Cheo cha Fellow wa IEEE usikitumie kama kichocheo. Wanaopewa kwa mwaka hawazidi asilimia 0.1 ya wanachama wenye kura, na kinatazama kwanza mchango wa kihandisi.

Kabla ya kusema ndiyo

Muulize anayekualika mambo manne, na uyapate kwa maandishi: muda wa nafasi ni miaka mingapi, saa ngapi kwa mwezi wenye kazi nyingi kuliko yote, gharama gani zinarudishwa na kwa risiti zipi, na nani alishika nafasi hiyo kabla yako. Huyo wa mwisho mpigie simu. Dakika 15 naye zitakueleza kuliko kurasa zote za maelezo ya kazi. Akikwambia aliachiwa kila kitu na hakukabidhiwa chochote, ongeza nusu ya saa ulizotajiwa.

Chukua nafasi moja tu mwaka wa kwanza. Mtu mwenye nafasi tatu huonekana kwenye vikao vitatu na hamalizi kazi hata moja.

Siku ya kutoka nayo ipange siku unapoingia. Fungua folda ya pamoja isiyo kwenye akaunti yako binafsi, weka humo kumbukumbu za vikao, mikataba, orodha ya watoa mada na kalenda ya tarehe za kuwasilisha taarifa. Miezi mitatu kabla ya muda kwisha, mwite anayekuja afanye kazi ukiwa pembeni. Anza mapema kubadilisha watia saini wa benki. Hilo ndilo huchukua wiki nyingi kuliko yote, na tawi lenye fedha isiyoweza kutolewa haliwezi hata kulipia ukumbi wa semina ya kwanza ya mrithi wako.